Shahada na Shahidi

Kiswahili kina neno moja linalobeba mizigo mitatu bila kulemewa. Shahada ni maneno ya imani anayofundishwa mtoto wa Kiislamu kabla hajajua kuyaandika, na anayokumbushwa mzee roho inapomtoka. Shahada ni jina la kidole, kile kinachoinuliwa maneno hayo yanapotamkwa. Na shahada ni karatasi anayokabidhiwa kijana aliyevaa joho siku ya mahafali, jina lake likasomwa kwa sauti na wazee wake wakapiga vigelegele. Mizigo hiyo mitatu ina mzizi mmoja, nao ni ushahidi. Anayetamka anashuhudia. Kidole kinashuhudia. Karatasi nayo ni shahidi kwamba fulani alikaa mbele ya walimu, akasoma, akaulizwa, akajibu. Wataalamu wa lugha waliokuja baadaye wakalijengea neno hilo ngazi, chini yake wakaweka stashahada na astashahada, na juu kabisa wakaweka uzamivu, neno la wazamaji ambalo mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa.

Lakini shahidi ana sharti moja linalojulikana na kila kadhi: hasikilizwi mpaka naye ajulikane. Shahidi asiyejulikana huulizwa kwanza, "Na wewe, nani anakujua?" Swali hilo la barazani ndilo linalomngoja kila mtu anayevuka mpaka na shahada yake mkobani, akitafuta kibali cha kufanya katika nchi nyingine kazi aliyoisomea katika nchi yake. Karatasi inamshuhudia yeye; je, karatasi yenyewe inashuhudiwa na nani?

Mbali na bahari, upande wa machweo ya Tanzania, swali hili lina historia ndefu na chungu. Msafiri wa garimoshi huiacha reli ya kati pale Kaliua, akafuata tawi la kusini la kilomita zipatazo 210 linalopasua misitu ya miyombo hadi Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Reli hiyo ililetwa na madini. Waingereza waliijenga karibu na mwaka 1950 ili ichukue risasi ya mgodi wa Mpanda. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na misitu ikaendelea kuizunguka. Garimoshi likiwa halijafika Mpanda hupita mahali paitwapo Katumba. Hapo ndipo tangu mwaka 1973 walipoanza kupelekwa maelfu ya watu waliokimbia kutoka Burundi, na baadaye wenzao wakapelekwa Mishamo, katika misitu ya mkoa huo huo wa leo.

Walikuwa wanakimbia nini? Mwishoni mwa Aprili 1972 palizuka uasi katika miji ya kusini mwa Burundi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Serikali ya Michel Micombero ililipiza kwa mauaji ambayo hayakuishia kwa waasi. Wahutu waliosoma ndio waliotafutwa zaidi: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Katika miezi michache waliuawa watu wanaokadiriwa kupita laki moja. Ilikuwa kana kwamba mtu alipita na orodha ya mahudhurio mkononi, akiita majina ili kuyafuta.

Msomaji na amfikirie mmoja wao, mtu wa kubuni asiye na jina kwa kuwa angeweza kuitwa majina mengi. Ni mwalimu kijana katika skuli ya kando ya ziwa. Ana cheti cha ualimu kilichoandikwa Kifaransa, chenye muhuri na sahihi, na mama yake amekihifadhi sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Jioni moja ya Mei anasikia kwamba mwalimu mkuu amechukuliwa kwa gari na hajarudi. Anakitoa cheti sandukuni, anakitazama, kisha anakitia katika mafiga. Usiku ule anavuka ziwa kwa mtumbwi. Shahidi wa elimu yake alikuwa amegeuka kuwa shahidi wa mashitaka, na mtu hawezi kukimbia huku amembeba mgongoni shahidi wa namna hiyo.

Alinusurika. Lakini kila uokovu una bei yake, na bei ya huu ililipwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka arubaini.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katumba usemi huu ulitimizwa neno kwa neno. Tanzania ilitoa ardhi, na pamoja na wahisani ikatoa majembe, mbegu na chakula cha kusubiria mavuno ya kwanza. Haukuwa ukarimu mdogo. Nchi nyingi tajiri kuliko Tanzania hazijawahi kuwapa wakimbizi mashamba. Watu wale waliufyeka msitu, wakapambana na mbung'o, wakapanda mihogo, mahindi na tumbaku, na baada ya miaka michache wakajilisha wenyewe. Lakini jembe halina swali, na hilo ndilo lililomuuma mwalimu wetu. Jembe halimuulizi mtu alisomea nini. Skuli zilipofunguliwa makambini zilifuata mitaala ya Tanzania kwa lugha ya Kiswahili, na aliyetaka kufundisha alitakiwa kuonesha kwamba alifundishwa kufundisha. Aoneshe nini? Cheti kilikuwa majivu. Chuo kilichokitoa kilikuwa ng'ambo ya pili ya ziwa, chini ya serikali ile ile aliyoikimbia. Kukiandikia barua kungekuwa ni kujitaja. Na wale waliomfundisha, ambao wangeweza kusema "huyu ni wetu, tunamjua", wengi wao hawakuwa tena katika hali ya kusema lolote.

Hapa msomaji wa visiwani anaweza kukumbuka kwamba pwani yake iliwahi kuwa na njia nyingine ya kuvusha elimu mipaka. Wanazuoni wa Unguja, Lamu na Ngazija hawakusafiri na shahada za vyuo vikuu. Walisafiri na ijaza. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikh, akakisoma kitabu mbele yake mwanzo hadi mwisho, akasahihishwa, akaulizwa. Sheikh aliporidhika alimpa idhini ya kukisomesha, na katika idhini hiyo akataja naye alikisoma kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mnyororo ukamfikia mtunzi. Sayyid Ahmed bin Sumait alizaliwa Ngazija, akawa kadhi Unguja, akasafiri hadi Hadhramauti, Istanbul na Misri. Sheikh Abdallah Bakathir alitoka Lamu, akasoma Makka na Hadhramauti, akasomesha Ukutani hapo Mji Mkongwe. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na popote walipofika katika maisha yao waliulizwa lile lile swali la kadhi: nani anakujua? Jibu lao lilikuwa mnyororo wa majina. Na mwenye shaka alikuwa na dawa karibu: alifungua kitabu, akamwambia mgeni, "Tusomee." Shaka iliondolewa na mtu mwenyewe aliyekuwa amekaa pale mkekani.

Utaratibu wa leo nao ni mnyororo, ila pete zake ni ofisi. Mtu aliyesoma nje akitaka kufanya kazi ya ujuzi Tanzania Bara, shahada yake hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa mwaka 2005. Tume huuliza iwapo chuo kilichoitoa kinatambuliwa na nchi yake, masomo yalichukua muda gani, mwanafunzi aliingia chuoni kwa sifa zipi, na shahada hiyo inalingana na ipi katika ngazi za Tanzania. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani. Akiwa tabibu kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo limelihifadhi jina la zamani la nchi kama mzee anavyohifadhi kanzu ya harusi. Kisha kuna Kamishna wa Kazi anayetoa kibali cha ajira chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Na mwisho ipo Idara ya Uhamiaji inayotoa kibali cha ukaazi. Kwa upande wa Zanzibar mnyororo una pete tofauti kidogo, kwani uhamiaji na elimu ya juu ni mambo ya Muungano ilhali kazi si jambo la Muungano. Visiwani kibali cha ajira hutolewa na mamlaka za Zanzibar zenyewe.

Msomaji na amrudie mwalimu wetu, au tuseme kizazi chake. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, jumla yao kama 218,000, waliulizwa swali ambalo wakimbizi wachache duniani wamewahi kuulizwa: mnataka kurudi kwenu au mnataka kuwa Watanzania? Kama asilimia 80 walichagua uraia, na zaidi ya 162,000 waliupata, ingawa hati zilichelewa hadi Oktoba 2014. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi. Swali hilo lilipita katikati ya nyumba nyingi kama mstari wa chaki. Katika nyumba ya mwalimu, yeye mwenyewe na mwanawe mkubwa walichagua kubaki. Mwanawe mdogo alichagua kwenda kuitafuta ardhi ya baba yake kando ya ziwa. Mwaka 2008 akapanda lori la kurudi pamoja na mkewe na binti wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa Katumba na aliyekuwa akisoma darasa la sita kwa Kiswahili.

Binti huyo alifika katika nchi aliyoambiwa ni yake bila kujua lugha ya skuli zake. Watoto wengi waliorudi kutoka Tanzania walikumbana na ukuta huo wa Kifaransa. Wapo walioshushwa madarasa, wapo walioacha kabisa. Yeye aliupanda. Usiku alikariri vitenzi vya Kifaransa kama babu yake alivyokuwa akivikariri kabla yake, akamaliza sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Burundi, Bujumbura, akatoka daktari. Sasa anataka kufanya kazi Katavi. Baba yake mkubwa yuko Katumba, binamu zake wako Katumba, na kaburi la babu liko Katumba. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Lakini hata ng'ombe mzima hulikumbuka zizi. Mkoa wenyewe ni mpana, vijiji viko mbali mbali, na madaktari hawajawahi kuwa wengi kule.

Anafika basi na mkoba wa karatasi, na karatasi zake, kinyume na za babu, zote ni nzima. Mlangoni anakutana na jambo dogo la lugha ambalo lingemfurahisha mshairi na ambalo yeye linampotezea miezi. Kwa Kifaransa diploma ni cheti chochote cha masomo, kiwe cha chini au cha juu. Kwa matumizi ya Tanzania diploma ni stashahada, ngazi iliyo chini ya shahada. Karatasi yake inamwita mwenye diploma ya udaktari. Mwenye kuisoma haraka anaona stashahada. Mwenye kuisoma kwa kutazama neno udaktari peke yake anadhani ni uzamivu. Ilhali ukweli umekaa katikati, kwani ni shahada ya kwanza ya tiba. Kwa hiyo inahitajika tafsiri, na tafsiri inahitaji mfasiri anayekubalika, na anayekubalika naye ni shahidi mwingine anayehitaji kujulikana. Kisha orodha ya masomo na alama. Kisha uthibitisho wa chuo. Kisha vyeti vya sekondari. Ana cheti cha kila mwaka aliosoma Burundi. Miaka sita aliyosoma Katumba, katika ardhi ya nchi hiyo hiyo inayomuuliza, ndiyo asiyo na karatasi yake.

Ni rahisi kuzilaani ofisi, na walimwengu hupenda rahisi. Lakini shaka ya ofisi ina sababu. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikuwa wameajiriwa, wamelipwa, baadhi kwa miaka mingi, kwa ushahidi wa uongo. Nazi mbovu, wanasema, harabu ya nzima. Mgonjwa aliyelala kitandani Mpanda hana uwezo wa kumwambia daktari, "Tusomee." Anaukabidhi mwili wake kwa imani kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikwisha kuuliza. Ofisi inauliza kwa niaba yake. Binti wetu, ambaye naye atalala kitandani siku moja, hana budi kulikubali hilo, na analikubali. Kinachomsumbua ni kitu kingine: kwamba mkweli na mwongo wanaingia kwa mlango mmoja, wanasubiri katika benchi moja, na mwongo, aliyejitengenezea karatasi mwenyewe, aghalabu ndiye mwenye mkoba usiopungukiwa kitu.

Nchi za eneo hili zimeyaona haya. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za elimu na za taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwekeana mikataba ya kutambuana. Mwaka 2017 wakuu wa nchi, wakiwa Dar es Salaam, waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo tangazo ni tangazo na kibali ni kibali. Ahadi ya wakuu haiondoi foleni dirishani.

Na kwa watu wa aina ya yule babu, dunia ilichelewa sana. Mkataba wa kilimwengu wa kutambua sifa za elimu ya juu ulipitishwa na UNESCO mwezi wa Novemba 2019 na ukaanza kutumika Machi 2023. Una kifungu mahsusi kwa wakimbizi na waliohamishwa makwao, wale ambao nyaraka zao ni pungufu au hazipo kabisa: nchi iliyouridhia yatakiwa itafute njia ya kuipima elimu yao bila kuingoja karatasi ambayo haitakuja. Mwaka huo huo wa 2019 Zambia, jirani wa kusini, ilianza kujaribu hati maalumu ya UNESCO ya sifa za wakimbizi. Mkimbizi hukaa mbele ya wataalamu, akaonesha mabaki aliyonayo, akahojiwa kuhusu alichosoma, wapi na kwa walimu gani, na majibu yake yakapimwa. Baada ya kuzunguka kwa karne nzima, ofisi imerudi mkekani. Imemwambia mgeni, "Tusomee."

Lau swali hilo lingeulizwa Katumba mwaka 1973, mtu mmoja mwenye jembe angeliliweka chini na kujibu. Hakuulizwa. Wanaomkumbuka wanasema jioni aliwakusanya wajukuu, akachora herufi ardhini kwa kijiti, akazifuta kwa wayo, akachora nyingine. Alikuwa na desturi ya kufuta kila alichoandika kabla hakujatanda giza, hata ilipokuwa hakuna tena haja ya kufuta. Binti alijifunza kusoma kwenye udongo ule. Hakuna ofisi itakayomwomba athibitishe hilo, ijapokuwa kila karatasi iliyomo mkobani mwake imeanzia hapo.

Sheria ya mwaka 2015 ina sharti moja ambalo wageni wengi huliona kama tusi. Mwajiri anayemwombea mgeni kibali hutakiwa kwanza kuonesha kwamba alimtafuta mwenyeji mwenye ujuzi huo asimpate, kisha aandae mpango wa urithishaji: Mtanzania atakayefundishwa na mgeni ili siku kibali kitakapokwisha kazi isisimame. Mgeni ajapo anaombwa aandae mwenye kuishika nafasi yake. Binti alilisoma sharti hilo mara mbili, na tofauti na wengine, halikumkera. Pale Katumba ana binamu, mtoto wa yule baba mkubwa aliyebaki, ambaye hati ya uraia iliikuta nyumba yao mwaka 2014 na ambaye sasa anasomea uganga wa tiba kwa ngazi ya stashahada. Walichorewa herufi ardhini kwa kijiti kimoja, mmoja akawa mgeni na mwingine akawa mwenyeji. Mgeni akipata kibali atamfundisha mwenyeji, kama sheria inavyotaka, na katika daftari la serikali huo utaitwa mpango wa urithishaji. Masheikh wa Ukutani wangeuita kwa jina lake la kale.

Faili lake lingali linatembea. Limetoka Dar es Salaam, limekwenda Dodoma, linangoja barua kutoka Bujumbura. Yeye anangoja Mpanda, nyumbani kwa baba yake mkubwa, na watu wa mtaani waliokwisha kusikia kwamba yeye ni daktari huja barazani jioni na watoto wenye homa. Anawaambia waende hospitali, kwa kuwa bado hana ruhusa ya kutibu. Anawaelekeza njia, anawahimiza wasikawie, na wao wanaondoka wakigeuka kumtazama. Ijapo barua, ataitwa akapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ataambiwa aanze na kidole gumba. Kisha ataambiwa aweke kidole cha shahada.